Mkalimani Kabla ya Kiongozi: Lugha katika Malezi ya Vijana Viongozi, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inaeleza nafasi ya lugha katika programu zinazowaandaa vijana balehe wa kaya maskini kuwa viongozi wa jamii zao, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, na katika jiji jirani la Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda. Hoja yake kuu ni kwamba kijana wa Nakivale aghalabu huanza kazi ya uongozi akiwa mkalimani wa wazazi na majirani zake, muda mrefu kabla hajaalikwa katika semina yoyote ya uongozi, na kwamba programu zinazofundisha uongozi kwa Kiingereza humchuja kijana huyohuyo zinayemtafuta. Makala inajadili pia mipaka ya Kiswahili kama suluhisho, madhara ya kumtwika mtoto ukalimani, na nafasi mpya iliyofunguliwa na ufundishaji wa Kiswahili katika shule za sekondari za Uganda.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi wa Rwanda walipoanza kuvuka mpaka kukimbia machafuko ya nchi yao, na hadi leo hayajafungwa. Ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wakazi wake wamepita laki moja. Wengi ni Wakongomani, nao wanaishi pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Hakuna uzio. Familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, ingawa viwanja hivyo vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka, na pembeni yao wanaishi wenyeji Wanyankore wenye mashamba ya migomba na makundi ya ng'ombe. Makazi yamegawanywa katika kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Katika eneo hili, kama ilivyo katika makazi mengine ya Uganda, kuna utitiri wa programu za vijana. Kuna vilabu vya mdahalo shuleni, vikundi vya kuweka na kukopa, waelimishaji rika wa afya, timu za mpira zenye mafunzo ya stadi za maisha, na mashirika yaliyoanzishwa na wakimbizi wenyewe, mathalani Opportunigee, ambalo lilifuata mfano wa chuo cha ubunifu wa kijamii cha SINA kilichoko Mpigi. Karibu zote hutaja neno "uongozi" katika malengo yake. Ni chache zinazosema uongozi huo utatekelezwa kwa lugha gani.

Swali hilo linaweza kuonekana dogo kwa mshauri wa sera anayepanga fedha za elimu au lishe. Sidhani ni dogo. Mtu haongozi jamii kwa moyo mwema pekee. Huongoza kwa kusema, kusikiliza, kuandika muhtasari, kubishana na ofisa, kumtuliza jirani. Kazi hizi zote ni za lugha, na kijana asiyepewa lugha ya kuzifanyia amepewa cheti tu.

Yaliyomo katika makala haya yanatokana na usomaji wa sera na sheria husika, na mikutano ya wazi niliyowahi kuihudhuria. Hayadai kuwa matokeo ya utafiti wa takwimu.

2.0 Umri wa Kungoja

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2010, inasifiwa kwa kumpa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kutembea na kusoma. Wakimbizi pia wana muundo wao wa uwakilishi, yaani Mabaraza ya Ustawi wa Wakimbizi, ambayo yana ngazi tatu na yamefuata sura ya mabaraza ya mitaa ya Uganda. Mwaka 2018 liliundwa Jukwaa la Ushirikishwaji wa Wakimbizi, ambalo hukusanya wawakilishi kutoka makazi mbalimbali na kupeleka hoja zao katika kamati ya kitaifa inayosimamia mwitikio wa wakimbizi. Kwa maandishi, basi, njia ya kutoka kijijini Nakivale hadi meza ya Kampala ipo.

Lakini njia hiyo huanza miaka 18. Sheria ya Uganda inayohusu Baraza la Taifa la Vijana inamhesabu kijana kuwa mtu wa kati ya miaka 18 na 30. Aliye na miaka 14 au 16 ni mtoto, na mtoto hugombei kiti. Kwa hiyo vijana balehe wanakaa katika chumba cha kungojea. Hawana kiti, ilhali ndio wanaochota maji, wanaolinda wadogo zao, wanaolima vibarua kwa wenyeji, na, kama nitakavyoonyesha, ndio wanaosema kwa niaba ya nyumba zao. Programu za uongozi zimejengwa katika pengo hili, na ndiyo sababu zinastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko kusifiwa kwa jumla.

3.0 Kiingereza kama Kizingiti

Tuangalie jinsi kijana anavyoteuliwa. Shirika linapotaka vijana 30 wa mafunzo ya uongozi, njia rahisi ni kupitia shule. Mwalimu huombwa alete wanafunzi "wanaojieleza vizuri". Kwa mwalimu wa Uganda maneno hayo yana maana moja: wanaojieleza kwa Kiingereza. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, lugha ya eneo hutumika darasa la kwanza hadi la tatu, kisha Kiingereza huchukua nafasi kuanzia darasa la nne, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kiingereza. Huko Isingiro lugha ya eneo ni Runyankore, ambayo si lugha ya nyumbani ya mtoto aliyetoka Uvira wala ya aliyetoka Kismayu.

Mtoto aliyefika darasa la sita Kongo kwa Kifaransa, anapoingia shule ya Nakivale, mara nyingi hurudishwa nyuma madarasa kadhaa ili ajifunze Kiingereza. Hapo ndipo tunapomkuta msichana wa miaka 15 ameketi dawati moja na watoto wa miaka tisa, magoti yakigusa ubao wa dawati. Anaona haya. Mwaka unaofuata huenda asionekane tena. Msichana huyu amevuka mipaka miwili, anajua lugha tatu au nne, na anaendesha nyumba mama anapokwenda kibarua. Katika orodha ya mwalimu hayumo, kwa sababu hajieleza "vizuri".

Mchujo wa pili ni wa mahali. Mafunzo mengi hufanyika Base Camp, zilipo ofisi za mashirika. Kijana wa Rubondo au Juru anahitaji nauli ya bodaboda au kutembea nusu siku. Shirika likirudisha nauli baada ya mafunzo, halijamsaidia asiye na nauli ya kuja. Mchujo wa tatu ni wa siku. Ratiba ikiangukia siku ya mgao, wasichana hukosekana, kwa kuwa wao ndio wanaosimama foleni au wanaobaki na watoto. Nimesikia kutokuja huku kukielezwa katika ripoti kama "mwamko mdogo wa wasichana". Tafsiri hiyo ni ya haraka mno.

Lakini mchujo wa lugha ndio unaodumu hadi mwisho wa programu, kwa sababu umeingia katika mafunzo yenyewe. Mwezeshaji hufundisha dhana zilizoletwa kwa Kiingereza, vijana huzinakili, na mwishoni hutarajiwa kwenda "kuhamasisha jamii". Jamii hiyo haizungumzi Kiingereza. Kijana hujikuta na maneno aliyoyakariri lakini asiyeweza kuyafungua mbele ya shangazi yake.

4.0 Kiswahili cha Nani?

Jibu la haraka la mkutano kama huu wetu lingekuwa: tumieni Kiswahili. Nami nasema hivyo, ila kwa tahadhari mbili.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili si lugha ya wote Nakivale. Msomali aliyepitia Kenya huenda anakijua; mama yake aliyetoka moja kwa moja Mogadishu hakijui. Wanyarwanda na Warundi wengi wa vijijini husikilizana kwa Kinyarwanda na Kirundi bila msaada wa Kiswahili, na lugha hizo ziko karibu na Runyankore kiasi kwamba mkulima wa Burundi na mkulima wa Isingiro wanaweza kuelewana bei ya mkungu wa ndizi kwa kila mmoja kubaki na lugha yake. Kiswahili ni lugha ya kati inayoongoza, hasa kwa wingi wa Wakongomani, lakini haifuti nyingine.

Ya pili inatugusa sisi wanaisimu moja kwa moja. Kiswahili kinachozungumzwa Nakivale ni kile cha mashariki mwa Kongo. Wasemaji wake husema mutu na batu, mayi badala ya maji, juu ya nini badala ya kwa nini. Kiongozi huitwa mukubwa au shefu, kamati ni komite. Mwandishi wa mwongozo wa mafunzo akiwa Kampala au Nairobi huchukua istilahi sanifu zilizopikwa Dar es Salaam, akaandika uwajibikaji, mdau, uraghbishi, ushirikishwaji. Ni istilahi nzuri; nimezitumia humu mwenyewe. Lakini kwa kijana wa Fizi maneno hayo ni mageni karibu sawa na ya Kiingereza, na yana hasara moja zaidi: yanamfanya aamini kwamba hata Kiswahili chake si Kiswahili.

Nilishuhudia jambo hili katika mkutano mmoja wa hadhara. Mwezeshaji alieleza kwa Kiingereza, kwa sentensi ndefu, wajibu wa kiongozi kusimamia rasilimali za umma kwa uwazi. Aliyekuwa akifasiri ni msichana ambaye namkadiria miaka 15. Alisikiliza hadi mwisho, akageukia wazee, akasema: "Mukubwa asikule falanga za batu." Wazee wakacheka, mmoja akapiga makofi, na mwanamke mmoja nyuma akauliza swali kali kuhusu michango ya kisima. Mwezeshaji aliuliza kwa nini wanacheka. Hakujua kwamba mada yake ilikuwa imeanza kufundishwa dakika hiyo.

Inafaa kuongeza jambo dogo la kiisimu. Neno kiongozi lina ndugu katika lugha nyingi za eneo hili, na ndugu hao hawabebi picha moja. Mrundi ana indongozi, linalokaribiana na letu kwa sauti. Mnyarwanda husema umuyobozi, anayeelekeza njia. Mnyankore husema omwebembezi, anayetangulia mbele. Kumwelekeza mtu njia na kumtangulia si kitendo kimoja, na kijana anayewaongoza watu wa makundi haya matatu hana budi kujua wanamtarajia asimame wapi. Nimeona somo zima la saa mbili juu ya "aina za uongozi" likipita bila mtu kuwauliza vijana wanamwitaje kiongozi nyumbani kwao.

5.0 Ukalimani kama Shule Isiyosajiliwa

Msichana wa mkutano ule si wa kipekee. Watoto hujifunza lugha mpya upesi kuliko wazazi, na katika kaya nyingi za wakimbizi wao ndio hutumwa kusema: kwa mwenye duka, kwa mwalimu, kwenye ofisi ya usajili, kwenye kituo cha afya, kwa mwenyeji ambaye mbuzi wa familia ameingia shambani mwake. Mashirika yana wakalimani wa kulipwa, lakini hawatoshi kwa lugha zote, saa zote na kanda zote tatu. Pengo linazibwa na watoto.

Katika kazi hiyo mtoto hujifunza mambo ambayo hakuna mwongozo wa uongozi unaoyafundisha. Hujifunza ofisi ipi inahusika na jambo lipi na ni saa ngapi ofisa anakuwa na subira. Hujifunza kwamba neno la hasira la baba likifikishwa lilivyo litaharibu shauri, na likipunguzwa sana baba atajiona amesalitiwa. Hujifunza kungoja mpaka wote wawili wanyamaze. Na hujifunza kuaminiwa, maana mkalimani anayeongeza la kwake hujulikana haraka kijijini na hatumwi tena. Ukiniuliza ni wapi Nakivale inapowafunza watoto wake uongozi, nitakuelekeza kwenye shauri la mbuzi na shamba kabla ya ukumbi wa semina.

Hata hivyo, lazima tuseme upande wa pili bila kuupaka sukari. Mtoto wa kiume wa miaka 13 anayemfasiria mama yake kwa mganga husikia mambo ya mwili wa mama yake ambayo hakuna mila ya eneo hili inayoruhusu ayasikie. Mama naye huficha nusu ya ugonjwa. Binti anayefasiri katika shauri la ubakaji au la kupigwa nyumbani hubeba maneno ambayo hatayasahau, na huenda mtuhumiwa ni ndugu yake. Kuna pia suala la usiri wa wengine: akishafasiri kwa jirani watatu, mtoto anajua siri za nyumba tatu, na hana kiapo wala mtu wa kumweleza. Kutukuza ukalimani wa watoto kwa jina la "vipaji vya uongozi" kungekuwa kuhalalisha uzembe wa watu wazima.

Ninachodai ni kitu chenye mipaka. Uwezo ambao watoto hawa wameupata kwa shida utambuliwe na ukuzwe. Mzigo usio wa umri wao uondolewe. Mambo haya mawili yanawezekana kwa pamoja iwapo programu itaweka mstari wazi: kijana chini ya miaka 18 anaweza kufasiri katika mikutano ya hadhara, michezo, vilabu, vikao vya kisima na vya barabara, hafasiri zahanati, polisi, wala katika usaili wa ulinzi. Mstari huo ukiandikwa na kubandikwa mlangoni mwa kila ofisi, utamlinda mtoto na utamlazimisha ofisa amtafute mkalimani mtu mzima.

6.0 Mfano wa Kyangwali

Vijana balehe wanaweza kuanzisha uongozi bila kungoja kualikwa, na mfano unaojulikana zaidi Uganda hautoki Nakivale bali Kyangwali, makazi yaliyokuwa wilaya ya Hoima na sasa yako Kikuube. Mwaka 2005 kundi la vijana wakimbizi, miongoni mwao Benson Wereje na Joseph Munyambanza, lilianzisha COBURWAS, jina lililoungwa kutokana na Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Baadaye likajulikana kama CIYOTA. Munyambanza alikuwa na miaka 14.

Tatizo walilolishika lilikuwa moja na la wazi: watoto walikuwa wanaacha shule. Walilima na kufanya vibarua ili wapate ada, wakafungua shule ya msingi ndani ya makazi, wakatafuta bweni Hoima ili waliofaulu wasome sekondari bila kutembea mwendo usiowezekana. Baadhi yao baadaye walifika African Leadership Academy ya Afrika Kusini na vyuo vya ng'ambo, na hilo ndilo linalotajwa zaidi katika majukwaa. Mimi navutiwa zaidi na jina lao. Mataifa matano katika neno moja, na Uganda, nchi mwenyeji, imo. Waliobuni jina hilo walikuwa wameshaelewa kwamba kundi la Wakongomani watupu lisingepata wazazi wa Kirundi wala radhi ya wenyeji.

Kinachofaa kuigwa ni mpangilio wa mambo. Kazi ilitangulia, mafunzo yakafuata. Programu nyingi huanza upande wa pili: siku tano za mafunzo, fulana, picha ya pamoja, kisha vijana huambiwa waende wakatafute tatizo la kutatua. Tatizo walikuwa nalo walipokuja.

7.0 Mbarara na Kumbukumbu ya Kiswahili

Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari barabara ikiwa nzuri. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, ndiko kijana wa makazi anakoona sekondari kubwa, hospitali ya rufaa, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na soko la kuuzia mahindi yake. Ndiko pia anakokutana na kijana maskini mwenyeji, anayeosha pikipiki au kuuza mayai ya kuchemsha kituo cha mabasi, ambaye hana shirika lolote la kumfuata. Mshauri wa sera asimsahau huyu. Programu inayomwinua kijana wa makazi na kumwacha mwenyeji hupanda chuki itakayovunwa na wote wawili kwenye ugomvi wa malisho na kuni.

Uhusiano wa Mbarara na Kiswahili una makovu. Gavana Gowers alipojaribu kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920, alipingwa vikali na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Mbarara ilikuwa na kambi ya kikosi cha Simba, na mwanzoni mwa mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia mjini humo katika vita vilivyouharibu sana. Mimi nilikulia maeneo hayo miaka ya 1980, na wazazi wetu walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: ukiisikia usiku, zima taa. Nilipowaambia kwamba nakwenda kukisomea, mjomba wangu aliuliza kama ninaingia jeshini.

Kumbukumbu hiyo imeanza kupoa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Julai 2022 likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikwisha kukiweka kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Tatizo linalojulikana kwa kila mkuu wa shule ni walimu: hawatoshi.

Hapa pana fursa ambayo sijaiona katika mpango wowote wa elimu ya wakimbizi. Mwanafunzi Mkongomani anayeonekana mjinga katika somo la Kiingereza huwa tajiri ghafla katika kipindi cha Kiswahili. Akiwezeshwa kuongoza klabu ya mazungumzo ya Kiswahili katika shule wanayosoma wenyeji na wakimbizi, anapata mbele ya wenzake nafasi ambayo hakuna semina inayoweza kumpa, na mwenyeji naye anapata msemaji wa kufanya naye mazoezi. Watoto wa Kinyankore watamcheka kwa mayi na batu, naye atawacheka kwa kuchanganya r na l. Hilo halinitishi. Mwalimu mwenye busara ataitumia tofauti hiyo kufundisha kwamba Kiswahili sanifu ni kimoja kati ya Viswahili vingi. Ila klabu isigeuzwe njia ya kupata mwalimu wa bure. Kijana aongoze mazungumzo. Kufundisha kubaki kwa mwalimu anayelipwa.

8.0 Njaa Ukumbini

Hakuna mjadala wa vijana wa Nakivale unaoweza kukwepa chakula. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Julai 2023 kaya ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa katika mgao. Kijana anayeketi ukumbini Jumamosi ameacha kibarua cha siku hiyo. Watu hulalamika kwamba vijana wanafuata soda na nauli. Mtu mwenye njaa kufuata soda si kosa la maadili. Ni taarifa kwa mpangaji wa programu.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa wanaoshauri wafadhili na wizara ni ya kawaida sana. Uteuzi usipitie shule pekee. Wazee wa vijiji na akina mama wa vikundi vya kukopeshana waulizwe ni watoto gani huwatuma kusema kwa niaba yao, na majibu yao yachukuliwe kwa uzito kuliko alama za darasani. Mafunzo yahamie Juru na Rubondo kwa zamu. Miongozo iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti mbele ya vijana wa Kivu kabla ya kuchapwa, na kila neno watakalolikunjia uso lipate lingine kutoka vinywani mwao. Wasiojua Kiswahili wapewe mkalimani, hata kama ni wawili tu katika ukumbi wa watu sitini.

Bajeti za mafunzo nilizowahi kuonyeshwa zina kifungu cha mabango, cha fulana, cha maji ya chupa na cha mpiga picha. Kifungu cha ukalimani sikukiona, na nilipouliza niliambiwa kwamba "vijana wenyewe watasaidiana". Kukiongeza hakuhitaji sheria mpya wala uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Kunahitaji mstari mmoja katika jedwali, jina la mkalimani mtu mzima kwa kila lugha kubwa ya makazi, na malipo yake yatolewe siku hiyohiyo.